Habiba na Jiwe Lililotaka Baridi

Ukishuka kutoka upande wa msikiti kuelekea soko la Machakos, kuna duka dogo lenye mlango wa buluu na picha za maharusi dirishani. Baadhi ya maharusi hao sasa ni nyanya wenye wajukuu. Picha zao hazijabanduliwa kwa sababu Habiba, mwenye duka, anasema zikitoka kioo kitabaki na mabaka. Hapo watu hupigwa picha za pasipoti na kutoa kopi za vitambulisho. Na kila Jumanne, kuanzia saa nne mpaka adhuhuri, watu hupeleka mawe pale yakatazamwe.

Mimi kazi yangu ni kunoa visu na mikasi, na hiyo si kazi ya kukaa mahali pamoja. Leo niko Kangundo, keshokutwa Masii, wiki ijayo labda Mwala. Kwa Habiba huwa napita kunoa ile panga yake ya kukatia picha. Watu wengi wanamjua kwa ajili ya mawe, lakini wanaisimulia nusu tu ya habari zake, ile nusu ya kusifu. Nitaisimulia yote, maana hiyo nusu nyingine ndiyo inanifanya nimheshimu.

Baba yake, Mzee Abdalla, alikuwa mpiga picha wa mji huu wakati picha zilikuwa zinasafishwa kwa dawa ndani ya chumba cha giza. Chumba chenyewe kiko nyuma ya duka mpaka leo. Habiba alikulia humo. Akiwa na miaka saba alikuwa amesimama juu ya kreti ya soda akihesabu sekunde kwa sauti huku baba yake akitikisa karatasi ndani ya beseni. Siku moja aliingiwa na hamu ya kujua karatasi mpya zinafananaje, akaifungua pakiti nzima mchana, kando ya dirisha. Mzee Abdalla hakumchapa. Alizipanga zile karatasi juu ya kaunta, akamwambia, "Kaa hapa utazame." Mtoto akakaa. Karatasi zilikuwa nyeupe, zikaanza kuingia rangi ya zambarau, kisha kahawia, mpaka zikawa kama chokoleti.

"Ndani ya hii kuna chumvi ya fedha," baba yake akamwambia. "Fedha ya kweli, ya pete. Mwanga ukiigusa kabla ya wakati wake, inaharibika."

Habiba anasema hajawahi kusahau.

Baadaye zikaja kamera zisizotaka filamu, na baada ya hapo simu, na Mzee Abdalla akafariki. Chumba cha giza kikawa stoo ya fremu. Habiba akanunua mashine ya kopi na ile tochi ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti bandia. Siku moja mtu wa Mwala alisimama kwenye kaunta akingoja kopi ya hati ya shamba, akaweka kijiwe alichookota njiani. Habiba alikuwa anapitisha tochi juu ya noti, mwanga ukateleza ukaangukia kile kijiwe. Kikawaka chekundu kama kaa la moto.

"Umeona?" Habiba akauliza.

"Sijaona kitu," yule mtu akajibu, tayari ameshafunika jiwe kwa kiganja.

Hapo ndipo alipoanza. Akatengeneza sanduku la viatu, akalipaka rangi nyeusi ndani, akatoboa tundu moja la tochi na jingine la jicho. Akaweka pembeni msumari, sumaku na kipande cha kigae kisichong'arishwa cha kusugulia mawe ili kuona rangi ya unga wake. Habari zikatembea. Wachimba mchanga na wachunga mbuzi wakaanza kuja, hata mwalimu mkuu mmoja mstaafu akaja na begi.

Alijifunza haraka. Kuna mzee alileta mawe sita, yote yakawaka buluu safi sana. Watu wakapiga mbinja. Habiba akayanusa.

"Mzee, haya mawe yameoga."

"Yameoga namna gani?"

"Yameoga sabuni ya unga. Hiyo buluu ni ile inayowekwa ndani ya sabuni ili shati lionekane jeupe. Hebu tuyasuuze."

Akayasugua kwenye karai. Yakarudi sandukuni yakiwa kimya kama matofali. Yule mzee akacheka mwenyewe, akasema ni mke wake aliyeyaosha, yeye hahusiki.

Ushindi wa namna hiyo unamzoesha mtu. Kidogo kidogo pale dukani kukawa na desturi. Linalowaka linawekwa juu ya kaunta, lizungumzwe. Lisilowaka linaingia ndani ya ndoo mlangoni, na fundi mmoja wa ujenzi huja kuimwaga ndoo hiyo kwenye kokoto zake. Msumari ukawa unaguswa mara chache, kigae kikashika vumbi. Tochi ndiyo ilikuwa inasema. Mimi niliona hayo yote nikinoa panga yake pale mlangoni, na sikusema kitu, kwa sababu hata mimi niliamini tochi.

Sasa, mwaka huu, Jumanne moja ya mwezi wa sita, aliingia mama mmoja wa Masii anayeitwa Kavindu. Alikuwa amefuatana na shemeji yake, Mutinda, anayeuza kamba na majembe pale soko la Masii. Kavindu alikuwa amebeba mkebe wa majani ya chai. Ndani ya mkebe kulikuwa na karatasi nyeusi, na ndani ya karatasi kulikuwa na jiwe la ukubwa wa yai la kuku, la rangi ya kijivu yenye umanjano, linateleza kidogo mkononi.

"Unataka kuliuza, mama?" Habiba akamuuliza.

"Siuzi. Nataka kujua tu. Mzee wangu, Nzau, alikuwa anafagia maabara moja huko Nairobi, ya watu wa mawe. Bosi wake alipostaafu alimpa hii. Alisema hii jiwe iko na fedha ndani na inawaka kijani. Aliniambia tangu tukiwa vijana mpaka meno yametoka. Sijawahi kuiona ikiwaka hata siku moja. Sasa ameenda, na mimi nimebaki na swali."

"Swali gani, shemeji? Jibu tuko nalo," Mutinda akasema, akigeukia watu waliokuwa wanangoja zamu. "Ndugu yangu alikuwa mtu mzuri sana, lakini kwa maneno ya jiwe, alitudanganya vizuri. Nilisema hata siku ya kumzika."

"Ulisema," Kavindu akajibu. "Watu wakacheka, na mimi nimekaa karibu na sanduku."

Hapo kila mtu alielewa kilichomleta. Mama huyu aliishi na mwanamume miaka arobaini, na alitaka kujua kama aliishi na mwongo.

Habiba akalichukua jiwe, akalitia sandukuni, akawasha tochi, akatazama. Akatazama tena. Akatoa kichwa.

"Haliwaki."

"Alisema inataka baridi," Kavindu akasema.

"Baridi gani?"

"Hakusema gani. Alisema tu, inataka baridi. Mimi niliingoja mwezi wa saba kila mwaka."

Watu wakacheka. Habiba, haki yake tumpe, hakucheka. Alilipeleka jiwe kwa jirani yake Swabra, anayeuza barafu za watoto, likakaa ndani ya friza nusu saa. Likarudi na umande juu yake. Akatia sandukuni, akawasha. Hakuna. Ndipo akachukua msumari, akakwaruza. Msumari ukazama. Akachukua kisu nilichokuwa nimetoka kukinoa, akakata ukingo, na kipande kikatoka kimejikunja kama kipande cha mshumaa. Hakuna jiwe linalokatika hivyo, au ndivyo tulivyodhani wote.

"Mama, hii ni nta," Habiba akasema. "Labda ya kufunga chupa za dawa huko maabara. Pole sana."

"Aiya!" Mutinda akapiga paja. "Ndugu yangu ametunza mshumaa miaka yote, na stima ikipotea tunakaa gizani!"

Kicheko kilitoka mpaka barabarani. Kavindu alilifunga jiwe ndani ya karatasi yake nyeusi, akafunga mkebe, akasema asante kwa adabu, akaondoka. Habiba akaita mtu wa pili.

Kile kipande kilichokatwa kilibaki juu ya kaunta, pale jua linapoingilia dirishani.

Ilipokaribia saa nane nilikuwa nakusanya vitu vyangu. Habiba alikuwa anapangusa kaunta kwa kitambaa. Mkono wake ukasimama. Nilidhani ameumwa na kitu.

"Baba," akaniita, maana ndivyo anavyoniita kwa heshima, "njoo uone hapa."

Nikaenda. Kipande kilikuwa kimebadilika. Upande uliotazama jua ulikuwa wa zambarau, na kwenye ncha ulikuwa unaingia weusi. Akakigeuza kwa ukucha. Upande wa chini bado ulikuwa na umanjano ule ule.

"Nta haifanyi hivi," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na mwingine, si na mimi. "Karatasi ndiyo inafanya hivi."

Alichukua glasi ya maji ya kunywa, akatumbukiza kile kipande. Kilishuka kama risasi, kikagonga chini, ti! Nta ingeelea. Mtoto wa shule ya chekechea anajua nta inaelea. Habiba akaketi juu ya kiti cha wateja wa picha.

"Nilianza na tochi," akasema. "Ningeanza na maji ningejua kwa nukta moja. Huyu Nzau alisema ni fedha. Ni fedha, Baba! Ni ile chumvi ya baba yangu, lakini hii imetoka ardhini. Na mimi nimemwambia mkewe mbele ya watu kwamba ni mshumaa."

Nilimwambia kila mtu hukosea. Akanitazama.

"Mimi nikikosea kopi, natoa nyingine. Hii imeshatoka dukani na miguu yake."

Alimpigia Kavindu simu jioni hiyo. Kavindu alisikiliza salamu, akasema, "Nilisikia, mwanangu. Usijisumbue," akakata. Habiba akapiga tena, simu ikawa imezimwa.

Mtu mwingine angeacha hapo. Habiba siku iliyofuata alifunga duka, jambo ambalo hafanyi hata akiwa na homa, akaenda Masii. Mimi nilikuwa naelekea huko huko kwa kazi zangu, tukaongozana. Tulimkuta Kavindu uani kwake akipepeta ndengu. Hakusimama, lakini alitusogezea kigoda kimoja, na mimi nikaketi juu ya sanduku la kazi yangu.

"Mama, nimekuja kukwambia nilikosea," Habiba akaanza, hata maji ya kunywa hajaletewa.

"Ulikosea wapi?"

"Nilisema ni nta. Si nta. Ni jiwe la fedha, kama alivyosema mzee. Nililihukumu kwa tochi kabla sijalipima."

"Kwa hivyo inawaka?"

"Hilo bado sijui."

Kavindu akapepeta mara mbili, makapi yakaruka. "Sasa umenisaidia nini?"

"Alisema mambo mawili, mama. La kwanza ni kweli, nimeliona kwa macho yangu. Mtu aliyesema kweli kwa la kwanza, mimi sitamwita mwongo kwa la pili mpaka nimelijaribu vile alivyosema mwenyewe. Nipe jiwe."

Ungo ukashuka chini.

"Nililitupa," Kavindu akasema. "Jana hiyo hiyo. Niliona heri nisilione tena."

Alitupeleka nyuma ya jikoni, kwenye jalala la majivu. Jiwe lilikuwa juu kabisa, karatasi imepeperuka, limepigwa na jua tangu asubuhi. Lilikuwa jeusi kama kipande cha mkaa. Kavindu alipoliona alijishika mdomo. Na Mutinda, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya ua na masikio yake hayana likizo, akawa ameshafika.

"Haya, mshumaa umekuwa makaa sasa," akasema. "Kesho utakuwa sufuria."

"Shemeji Mutinda, leta ndoo ya maji," Habiba akamwambia.

Ajabu ni kwamba alileta. Habiba akalidondosha jiwe ndani. Likazama.

"Nta inazama, shemeji?"

Mutinda akachungulia ndani ya ndoo. "Nta ya Ulaya labda."

"Na huu weusi ni ngozi tu," Habiba akaendelea, akimgeukia Kavindu. "Jua limechoma juu. Ndani liko vile lilivyokuwa. Nitalimenya gizani, mama, na utakuwepo. Nipe wiki moja nitafute hiyo baridi."

Kavindu akaingia nyumbani, akatoka na mkebe na kipande kipya cha nailoni nyeusi.

"Wiki moja," akasema. "Lakini na huyu aje." Akamwonyesha Mutinda kwa kidevu.

Njiani kurudi stendi Habiba alikuwa anasoma kwenye simu yake, anasimama, anasoma, anatembea. Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu, maana mimi shule niliiacha darasa la tatu. Akaniambia mawe ya namna hii, yenye fedha iliyoshikana na chumvi, hayawaki kwa tochi yakiwa na joto la kawaida. Ule mwanga unaingia ndani na joto linaumeza. Ukilipoza sana joto linashindwa kuumeza, na mwanga unatoka.

"Sana kiasi gani?" nikauliza.

"Karibu nyuzi mia mbili chini ya sufuri. Friza ya Swabra ni chai ya moto, ukilinganisha. Huko maabara walikuwa na hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji, inatoa moshi. Sasa mimi nitaitoa wapi Machakos?"

Nikamwambia, mimi sijui maabara, lakini maji yanayotoa moshi nimeyaona Mwala mara nyingi. Ndunda anayo. Ndunda ndiye daktari wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu. Anazunguka na pikipiki, na nyuma amefunga mtungi wa bati unaong'aa kama wa maziwa, na akiufungua kuchomoa mrija wa mbegu za fahali, moshi mweupe unamwagika mpaka miguuni. Nimesimama karibu naye nikiwa nanoa mapanga kwenye boma za watu, na baridi yake inauma meno.

Habiba alinishika mkono katikati ya barabara. "Baba, na ulikuwa unangoja nini kusema?"

"Hukuwa umeuliza," nikamwambia.

Ndunda ni mtu mpole wa miaka thelathini na kitu, mwenye mzaha. Tulipompigia alisikiliza yote bila kukatiza.

"Nimepandisha Friziani, nimepandisha Sahiwal," akasema. "Jiwe bado."

"Unaweza au huwezi, daktari?"

"Naweza. Lakini si kuliingiza kwa mtungi wangu, madamu. Mbegu zikipata joto kidogo tu zimekufa, na wafugaji watanifuata na marungu. Alhamisi naja hapo mjini kujaza. Nikishajaza nitakumwagia kiasi kwa chupa. Na usiifunge kifuniko, italipuka."

Basi Alhamisi, saa tano asubuhi, tulikuwa watano ndani ya kile chumba cha giza cha Mzee Abdalla. Habiba alikuwa amehamisha fremu zote, akatundika upya mapazia mawili mazito mlangoni, moja nyuma ya jingine, ili hewa ipite na mwanga usipite. Ndunda alisisitiza habari ya hewa. Alisema huo moshi ukijaza chumba unamnyima mtu pumzi bila yeye kujua. Alikuwa amevaa glavu ndefu za ngozi. Kavindu alikalishwa kwenye kiti, karibu kabisa na meza. Mutinda alisimama nyuma, akisema hapa ndani kunanuka siki.

"Ni dawa za baba yangu," Habiba akajibu. "Ukuta umezinywa."

Akawasha balbu nyekundu, ile isiyodhuru karatasi. Akalitoa jiwe na kulimenya kwa kisu, polepole, kama mtu anayemenya kiazi kwa mgonjwa. Ngozi nyeusi ikaanguka juu ya gazeti. Ndani likatoka safi, linang'aa kidogo kwa ule wekundu.

Ndunda akamimina. Ndani ya chupa ya chai isiyo na kifuniko yale maji yalichemka na kulia, moshi ukashuka mezani ukatambaa sakafuni. Habiba akalishika jiwe kwa koleo ya kupikia na kulizamisha. Kukawa na kelele kama ya samaki anayeingizwa kwenye mafuta moto. Akazima balbu. Giza likawa zito, sikuona hata mkono wangu. Akahesabu kumi, akalitoa, akalimulika kwa tochi.

Tuliona zambarau ya tochi, na vidole vya koleo, na jiwe kama jiwe.

"Hata hiyo imeshindwa," Mutinda akasema gizani, lakini safari hii bila kucheka.

"Haijashindwa, haijapoa," Habiba akasema. "Sikilizeni, mmesikia vile bado lilikuwa linalia? Mpaka linyamaze ndiyo limepoa. Daktari, ongeza."

Akalizamisha tena. Likalia. Akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama ambavyo nadhani alikuwa akihesabu juu ya kreti. Alifika sitini. Alifika mia. Ile kelele ikapungua, ikawa kama mtu anayenong'ona, kisha kwa ghafla ikafoka mara moja ya mwisho na kunyamaza kabisa.

Habiba akaelekeza tochi ndani ya chupa.

Sijui nieleze vipi. Haikuwa kama taa. Taa inamulika vitu vingine. Hili lilikuwa linawaka lenyewe, kutoka ndani, kijani chenye ubuluu kidogo, na ule moshi juu yake ukawa kijani pia. Akaliinua kwa koleo likiwa bado linawaka, akalisogeza mbele ya uso wa Kavindu. Niliona uso wake kwa mwanga wa lile jiwe. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeitwa jina na mtu anayemjua.

"Nzau," akasema. Kisha, kwa Kikamba, akamwambia maneno mengine machache ambayo si yangu kuyaandika.

Baada ya muda mfupi mwanga ukaanza kufifia, ukarudi nyuma, ukazimika. Jiwe lilikuwa limepata joto.

"Tena," sauti ikasema. Ilikuwa ya Mutinda. "Madamu, tafadhali. Tena."

Habiba alingoja Kavindu aseme.

"Mwonyeshe," Kavindu akasema.

Liliwaka mara tatu siku hiyo, mpaka chupa ya Ndunda ikakauka. Tulipotoka nje kila mtu alikuwa anapepesa macho. Mutinda alisimama kando ya mashine ya kopi akichezea kofia yake.

"Shemeji," akaanza, "yale maneno niliyosema siku ile..."

"Usiniambie mimi," Kavindu akamkatiza, taratibu tu. "Mimi sikuwa na shaka na wewe, najua mdomo wako. Uliyasema mbele ya watu wa Masii. Nenda ukawaambie hao."

"Watanicheka."

"Watakucheka," Kavindu akakubali.

Nilifika Masii siku ya soko iliyofuata, na nikaweka mashine yangu karibu na kibanda cha Mutinda, si kwa bahati. Alianza saa nne. Alianza vizuri, akitaja daktari wa ng'ombe, chupa na moshi, na alipofika kwenye ule mwanga wa kijani watu walikuwa wameshajaa. Walicheka mpaka mwenye nyanya wa jirani akaacha nyanya zake. Mmoja akamuuliza ng'ombe gani alipandishwa ndani ya hicho chumba. Mwingine akasema kumbe ule ugonjwa ni wa ukoo. Mutinda alitokwa na jasho, akaapa, akapigapiga majembe yake. Mwishowe akatoa simu.

"Sawa! Basi muulizeni mwenye tochi mwenyewe. Si mnamjua? Si ndiye alisema ni nta?"

Akapiga, akaweka spika. Jamaa mmoja mrefu, muuza viatu, akaichukua simu na kuishika juu.

"Halo. Ni Habiba wa Machakos? Huyu Mutinda hapa anasema jiwe la ndugu yake linawaka. Na sisi tulisikia wewe ulisema ni mshumaa."

"Nilisema ni mshumaa, kweli," sauti ya Habiba ikatoka, wazi kabisa. "Nilisema mbele ya watu, na nilikosea. Jiwe la Nzau ni fedha. Na linawaka, nimeliona mara tatu."

"Wewe ulikosea? Wewe wa tochi?"

"Mimi wa tochi. Nilikimbilia kusema kabla ya kupima. Mzee Nzau alisema kweli tangu mwanzo, waambie wote walio hapo."

Watu walikuwa wamenyamaza ili wasikie, lakini nyuma, upande wa nafaka, kulikuwa na kelele za punda na wapagazi. Huko ndiko Kavindu alikuwa ameketi na magunia yake ya ndengu, akimpimia mteja. Hakusimama, wala mkono wake haukuacha kupima.

"Ongezeni sauti," akasema.